Tumsimamishe binti yetu kupanda farasi mpaka baridi iishe?

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Milton Keynes, Uingereza. Binti yangu wa miaka kumi alianza masomo ya kupanda farasi mwezi wa sita na ameyapenda kupita kiasi. Sasa shule imetutumia habari na ratiba ya majira ya baridi, na sielewi tunalipia nini. Uwanja wa nje unafungwa, masomo yote yanahamia ndani. Jumapili moja kila mwezi hakuna kupanda kabisa, watoto watakuwa na "siku ya zizi". Poni (farasi wa kimo kifupi) anayempenda amepewa likizo hadi katikati ya Januari. Poni wengine wamenyolewa manyoya, na baridi yote hii! Halafu tumeambiwa kuna ugonjwa wa koo kwenye mazizi ya jirani, kwa hiyo wazazi tusiguse farasi yeyote. Mume wangu anasema tumsimamishe mtoto mpaka Aprili pesa zipumzike, na anawaonea huruma wale farasi wanaolala nje kwenye ukungu. Unatushauri nini? Na kuna mwalimu mpya anayesema hana hakika kama hijabu inafaa chini ya helmeti.

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Msimsimamishe. Kama pesa zinabana, aende mara moja kila wiki mbili, lakini asikatike moja kwa moja hadi Aprili. Mimi nafundisha upandaji farasi hapa Uingereza, na nyasi zinapoanza kuota tena naona waziwazi nani alikuja wakati wa baridi na nani alikaa nyumbani. Waliokuja huingia zizini wenyewe, wakamsogelea poni upande wa bega la kushoto huku wakimsemesha, wakamvika kamba ya kichwani na kumtoa nje. Waliokaa nyumbani husimama mlangoni wakingoja kuletewa farasi aliyekwisha kutandikwa. Kwa umri wa binti yako, miezi minne au mitano ya kukaa mbali na mnyama ni mingi sana.

Mambo uliyoyataja, karibu yote, yananiambia kwamba shule hiyo ina watu wanaojua kazi yao. Nitakueleza kwa nini, ili wewe na mzee nyumbani muamue mkiwa na picha kamili.

Kuhusu uwanja wa nje: sisi tuliozoea magharibi kuingia saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima huwa tunasahau jinsi siku za huku zinavyofupika. Mwisho wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mchana wote hautimizi masaa manane. Mtoto akitoka shuleni, giza limeshaanza. Ardhi nayo ina hali mbili, na zote mbaya: ama tope linalovuta kwato na kuumiza mishipa ya mguu, ama barafu inayoifanya nchi kuwa ngumu kama saruji, kila hatua ikapanda moja kwa moja kwenye maungio ya farasi. Farasi akiteleza, aliye juu yake naye anaanguka mahali pagumu. Kwa hiyo siku ukipata ujumbe asubuhi na mapema kwamba somo limefutwa kwa sababu ya barafu, usikasirike. Shule ya kuiogopa ni ile isiyofuta kamwe. Unachotakiwa kuuliza ni kama somo lililofutwa linafidiwa siku nyingine, na jibu ulipate kwa maandishi.

Sasa uwanja wa ndani. Kwa kawaida ni ukumbi wa mita 20 kwa 40, una mchanga chini, na kutani kuna herufi A, K, E, H, C, M, B, F. Mzazi akichungulia mara ya kwanza huona watoto wanazunguka tu kama wapo kwenye tawafu, akajiuliza faida yake ni nini. Kaa uangalie vizuri. Nje, poni akimfuata mwenzake kwenye njia ya shambani, mtoto anaweza kukaa kama mzigo na bado akafika. Ndani hapana pa kujificha. Kila baada ya hatua chache kuna kona, na poni yeyote wa shule anajua kuikata kona ikiwa mguu wa ndani wa mtoto umelala. Mwalimu anaposema "geuka E, nenda hadi B", mtoto lazima atazame anakokwenda kabla hajafika, akaze mguu, afungue mkono, yote kwa pamoja, na wenzake watano wanapita mbele yake. Wakikutana uso kwa uso wanapishana mkono wa kushoto kwa mkono wa kushoto. Hayo ndiyo yatakayomlinda siku atakapokuwa kwenye uwanja wazi na farasi kumi.

Baridi pia ndio msimu wa kuondoa vikuku, vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko. Kwa dakika kadhaa katika kila somo watoto huvikunja vikuku mbele ya tandiko, miguu ikaning'inia, na wanakwenda hivyo kwa hatua za kawaida, halafu kwa mwendo wa mashindo, ule wa kudundadunda. Mapaja yatamuuma kesho yake, mwambie ni sawa. Hapo ndipo mtoto anapopata makalio yaliyotulia, na mikono yake inaacha kuning'inia kwenye hatamu kama kamba ya kujiokolea. Kila anapoivuta hatamu bila kujua, chuma kilichomo mdomoni mwa poni kinavutwa. Wataweka pia miti chini ili farasi aivuke. Kwa poni wadogo huiacha kama mita moja baina ya mti na mti kwa mwendo wa mashindo, kwa farasi wakubwa kama mita 1.3. Miti hiyo ni mazoezi kwa mgongo wa mnyama na ni maandalizi ya kuruka vizuizi, ingawa mtoto ataona ni mchezo.

Jambo moja la tahadhari kuhusu ukumbi. Theluji ikirundikana juu ya paa kisha ikayeyuka, huporomoka kwa kishindo, na farasi wote waliomo ndani hushtuka kwa mara moja. Upepo mkali ukipiga mabati ni vivyo hivyo. Mwalimu anayejua kazi husikia paa linapoanza kulia, akawasimamisha watoto, na mara nyingine akawashusha. Ukiona amefanya hivyo usidhani amepoteza muda wa somo.

Nafika kwenye ile Jumapili isiyo na kupanda, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo inayowasumbua wazazi wengi na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Farasi wa kiangazi anajitunza nusu yake mwenyewe. Farasi wa baridi anategemea watu. Siku ya zizi, ikiendeshwa vizuri, mtoto anafundishwa kumsoma mnyama kwa mikono yake. Mfano: poni wa wakati huu ana manyoya marefu mno hata jicho haliwezi kukuambia amenona au amekonda. Lazima uvue glavu, utandaze vidole nyuma ya bega, upapase mbavu. Zinatakiwa zisikike kwa kubonyeza kidogo tu. Zikikutana na vidole kabla hujabonyeza, amekonda. Ukizitafuta usizipate, amezidi unene, na kwa poni unene ni hatari kwa miguu yake. Mtoto wa miaka kumi anaweza kulijua hilo asubuhi moja, na hatalisahau.

Halafu kuna miguu. Tope la huku huleta ugonjwa wa ngozi nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato. Bakteria wake anaitwa Dermatophilus congolensis, na jina hilo limetoka Kongo kweli, kwani alielezwa kwa mara ya kwanza huko mwaka 1915 kwa ng'ombe. Wafugaji wa kwetu wanamjua kwa magamba anayoyatoa kwenye ngozi ya ng'ombe msimu wa mvua. Huku anangoja ngozi ya farasi ilowe hadi ilainike. Kwa macho huoni kitu, manyoya yanaficha. Kwa kidole utasikia vipele vikavu kama punje za mchele zilizokauka kwenye sahani. Watoto wengi, kwa upendo, hutaka kuiosha miguu kwa maji kila jioni, na kumbe maji zaidi ndiyo yanayoilainisha ngozi. Waachwe wajifunze kusubiri tope likauke kisha walipige brashi.

Kwato husafishwa kwa kulabu kutoka kisigino kwenda mbele, mtoto akiwa amesimama pembeni akitazama mkia. Kwenye tope refu pembetatu laini iliyo katikati ya kwato huoza, ikatoa harufu na majimaji meusi. Harufu hiyo ukiisikia mara moja utaitambua daima. Siku za theluji, farasi mwenye viatu vya chuma hukusanya mpira wa barafu chini ya kila kwato hadi anatembea kama mwenye viatu virefu, ndiyo maana utaona wanapaka mafuta mazito ndani ya kwato kabla ya kumtoa.

Na maji. Kama nitachagua kazi moja ya baridi ambayo kila mtoto lazima aijue, ni hii. Farasi mkubwa hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, poni hunywa kidogo kuliko hapo. Kiangazi sehemu kubwa ya maji anaipata kwenye majani mabichi. Sasa anakula majani makavu, na wakati huohuo maji ya barafu hayamvutii. Akila vikavu bila kunywa, chakula hukwama kwenye utumbo mkubwa, akapata msokoto wa tumbo, na huo huua farasi. Kwa hiyo barafu iliyo juu ya ndoo na mabirika huvunjwa asubuhi na jioni, na vipande vyake vinatolewa nje. Ukiviacha humo vinashikana tena kabla hujafika nyumbani. Ukimwona binti yako amevaa glavu zilizolowa anatoa barafu kwa chujio kuukuu, yuko kwenye somo.

Jambo la mwisho kwenye siku hiyo, dogo lakini linanigusa: lijamu. Chuma kilicholala chumba cha matandiko usiku wa barafu kikiingizwa mdomoni mwa farasi kinamuumiza. Mtoto anafundishwa kukishika ndani ya viganja, au kukiweka kwapani chini ya koti, mpaka kipate joto la mwili, ndipo amvike. Poni aliyefanyiwa hivyo hufungua mdomo kwa hiari. Aliyevikwa chuma cha barafu mara mbili tatu huanza kuinua kichwa kila akiona hatamu, na watoto wakaambiwa ana tabia mbaya.

Uliza basi siku hiyo ina mpango gani ulioandikwa. Vituo vingi vimeunganishwa na Pony Club, chama cha watoto kilichoanza mwaka 1929, na siku hizi mtoto asiye na poni wake anaweza kujiunga kupitia shule ya namna hiyo na kupata beji za utunzaji wa farasi. Kama watoto wanafagia tu na hakuna anayewafundisha, hiyo ni kazi ya bure na mnastahili kulalamika. Kama wanafundishwa niliyoyataja hapo juu, bei inaeleweka, ingawa mimi naona iwe chini ya bei ya kupanda, na si aibu kuuliza.

Mwambie mumeo huruma yake ni njema, ila joto la farasi haliko ukutani, liko tumboni. Majani anayokula huchachushwa na vijidudu kwenye utumbo wake mpana na mchakato huo unatoa joto saa zote. Poni wa kilo 250 anahitaji kama kilo 5 za majani makavu kwa siku, na usiku wa baridi kali njia bora ya kumpasha moto ni kumwongezea majani, kuliko kumwongezea nafaka. Manyoya yake nayo husimama na kuzuia hewa katikati. Farasi mzima aliyeota manyoya ya baridi na kushiba anastahimili hata nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi, mradi awe mkavu. Kinachomshinda ni mvua pamoja na upepo, kwa sababu manyoya yaliyolala hayana kazi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama uwanjani wanakolala kuna banda la kujikinga au ua mnene upande wa upepo, na kama majani yanapelekwa huko kila siku. Farasi aliyefungiwa kwenye zizi lililozibwa kila tundu huvuta vumbi la majani na hewa kali ya mkojo usiku kucha, na mapafu yake ndiyo yanayolipa. Utaona mazizi mazuri yana nusu ya juu ya mlango wazi hata Januari.

Wakiwapo punda hapo, hao huruma yenu wanaistahili zaidi. Punda asili yake ni nchi kavu za Afrika, manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi, na lazima awe na paa.

Kuhusu kunyolewa, najua inavyoonekana. Lakini fikiria poni anayefanya masomo mawili matatu kwa siku ndani ya ukumbi akiwa na manyoya ya vidole viwili. Anatoka jasho, manyoya yanalowa hadi kwenye ngozi, na kwa baridi hii yatakaa saa kadhaa bila kukauka. Huyo ndiye anayetetemeka. Ndiyo maana wanaofanya kazi hunyolewa sehemu zinazotoa jasho zaidi, yaani chini ya shingo, kifuani na kando ya tumbo, huku mgongo na miguu vikiachwa. Anayenyolewa hivyo lazima avikwe blanketi lisilopitisha maji akitoka nje, na blanketi hilo livuliwe kila siku mwili ukaguliwe chini yake kama kuna michubuko mabegani. Wale wasionyolewa kwa kawaida ni wale wenye kazi nyepesi au walio likizo. Na kitu ambacho wengi hawakijui: manyoya huota na kupukutika kwa kufuata urefu wa mchana zaidi kuliko baridi. Mchana ukianza kurefuka baada ya Desemba mwili unapata habari, na hata kama nje kuna theluji, mwishoni mwa Januari koti jeusi la binti yako litaanza kurudi nyumbani limejaa nywele.

Poni mpenzi wake aliye likizo hajaugua, na sidhani kama kuna siri. Poni wa shule hubeba watoto wanaojifunza, wanaodunda na kuvuta, kiangazi kizima. Wiki chache za kukaa na wenzake bila tandiko humpumzisha mgongo na akili. Binti yako atalia, naelewa. Mwombeni mwalimu amruhusu kumsafisha siku ya zizi, na wakati huo apandishwe poni wengine wawili au watatu. Mtoto aliyempanda poni mmoja tu anamjua poni huyo, hajajua kupanda.

Ugonjwa wa koo uliotajwa nafikiri ni ule Waingereza wanaouita strangles, unaosababishwa na bakteria Streptococcus equi. Huvimbisha matezi ya chini ya taya na ya koo hadi yakatunga usaha. Farasi wengi hupona, lakini shule inaweza kufungwa kwa wiki nyingi. Haurukii mbali hewani kama mafua. Unasafiri kwa pua kugusana na pua, na kwa ndoo, hatamu, mikono na nguo. Mzazi anayempapasa farasi wa jirani njiani kisha akaja kumpapasa poni wa shule ndiye gari la ugonjwa, bila kujua. Farasi akiambukizwa, huchukua siku 3 hadi 14 dalili kutokea, na homa hutangulia, ndiyo maana shule hupima joto la farasi wote asubuhi na jioni. Kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Anayepita hapo hutengwa siku hiyohiyo, kabla hajaanza kutoa kamasi. Sheria ya Uingereza haiwalazimishi kutangaza ugonjwa huu kwa serikali. Shule nyingine hunyamaza wakihofia wateja. Yenu imesema waziwazi ingali nje ya uzio wao, na kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kunifanya nimbakize mwanangu. Fuateni masharti: viatu vioshwe na kupakwa dawa getini, mikono ioshwe, na kama mtoto amepita kwa farasi wengine wiki hiyo abadilishe nguo zote.

Mengine kwenye ratiba ni ya furaha na hayahitaji maelezo mengi. Kabla ya mwisho wa mwaka kutakuwa na gwaride la mavazi na michezo ya mbio za kupokezana juu ya farasi. Mwambieni mwalimu mapema kama mnapendelea ashiriki michezo bila mavazi ya sikukuu, walimu wengi wanaelewa. Usiku wa 31 Desemba fataki hupigwa kila upande, na shule huweka mtu wa kulala na farasi. Na mtoto akiwaambia kwamba 1 Januari ni siku ya kuzaliwa ya farasi wote, kwa hesabu rasmi hiyo ni ya farasi wa mbio waliosajiliwa, ila watoto huwapelekea karoti poni wote, na poni hawabishi.

Mavazi. Msinunue koti refu lililovimba. Pindo lake hunasa nyuma ya tandiko wakati wa kushuka, na mwalimu haoni mgongo wa mtoto. Nguo nyembamba tatu moja juu ya nyingine, ya juu kabisa ikizuia upepo na zipu ikiwa imefungwa, ni bora. Soksi moja ya sufi isiyobana kwenye buti yenye nafasi kidogo, maana vidole vilivyobanwa huganda kwanza. Viatu vya mpira vya mvua vifae kwa kufagia tu. Soli yake yenye meno marefu inaweza kukwama kwenye kikuku, na mtoto akianguka huku mguu umenasa ni msiba. Buti iwe na kisigino kifupi na soli isiyo na makorongo. Skafu ndefu ya shingoni, hapana.

Kuna kitu kimoja cha kisheria ambacho mnaweza kukihakikisha wenyewe Jumamosi hii. Kwa kanuni za England za mwaka 2018, shule ya farasi lazima iwe na leseni ya halmashauri, na daktari wa mifugo huwakagua farasi wake kila mwaka. Leseni hutundikwa mahali watu wanapoiona. Itafuteni ukutani ofisini. Isipokuwepo, ombeni kuiona, na kama wanababaika hapo ndipo ningekubaliana na mume wako kuhusu kumtoa, tena msingoje baridi iishe.

Kuhusu hijabu: inafaa. Mwaka 2019 Khadijah Mellah, msichana wa miaka 18 aliyejifunzia farasi kwenye klabu ya Ebony Horse Club huko Brixton, London, alishinda mbio za Magnolia Cup pale Goodwood akiwa amevaa hijabu chini ya helmeti yake. Sharti ni la kiufundi. Kitambaa kiwe chembamba, cha kuvuta, cha kipande kimoja, bila pini hata moja na bila fundo kisogoni, na nywele zifungwe chini shingoni, zisifungwe utosini. Ncha zote ziingizwe ndani ya koti. Helmeti ipimwe akiwa amekivaa kitambaa hichohicho, kwa sababu ukipima bila kitambaa itambana, na ukinunua kubwa kwa ajili ya kitambaa kinene itacheza. Ndani yake mtafute alama ya kiwango cha usalama, PAS 015 au VG1, pamoja na Kitemark, alama ya ubora ya Uingereza. Mfunge mkanda, umwambie atikise kichwa, kisha uisukume helmeti taratibu mbele na nyuma: ngozi ya paji la uso inatakiwa isogee pamoja nayo. Ikilowa mvua ikaushwe mbali na hita, na ikigonga chini kwa nguvu mnunue nyingine hata kama haina ufa.

Nendeni na kitambaa na helmeti dakika kumi na tano kabla ya somo, mumwonyeshe huyo mwalimu mpya akague mwenyewe kwa mikono yake wakati hapana watoto wengine. Mpe na jina la Mellah, atamjua.